Banda la Mbao Nililolichoma kwa Mama Ndeshi

Siku niliyostaafu nilikabidhi pikipiki, boksi la baridi la kubebea chanjo, mhuri wa ofisi na funguo mbili, mmoja wa stoo na mwingine ambao hakuna aliyejua ni wa mlango gani. Upendo, afisa mifugo kijana aliyechukua kata yangu, alisaini kila kitu bila kusoma. Halafu akaniomba nimwandikie yeye na wenzake niliyojifunza kazini, hasa kuhusu mabanda ya kuku, maana wafugaji wa majumbani wanamsumbua kila siku: wajenge la mbao au wanunue la plastiki? Nikamwambia nitaandika. Nina wiki ya tatu na daftari hili, na kila nikianza naishia kwenye banda moja, la mama mmoja, huku juu mlimani. Mtanisamehe basi, ninyi mnaobaki kazini, nisipozungumzia vyeo wala semina. Vyeo sikuvipata vingi, na kwenye semina nilikuwa nasinzia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kikwe, kule chini kwenye vumbi. Niliripoti nimevaa shati jeupe, kosa ambalo sidhani kama kuna mtu amelirudia. Aliyenipokea alikuwa Mzee Lomayani, afisa mifugo mkongwe, Mwarusha mrefu asiyependa maneno mengi. Wananchi walimwita daktari, na kuanzia siku ile wakaniita daktari na mimi, ingawa cheti changu ni cha miaka miwili na hakuna mahali kilipoandikwa udaktari. Tulikwenda kwenye banda la jirani wa ofisi, banda la mbao la kuku kama kumi na tano. Nikatoa kalamu na futi nipime urefu na upana.

"Ero, kijana, weka hiyo kalamu," Mzee Lomayani akasema. "Ingiza kichwa."

"Wapi, mzee?"

"Humo. Kuku wakiwa ndani, na tutakufungia mlango mpaka shingoni. Hesabu mpaka mia."

Nilifika arobaini na kitu. Macho yalikuwa yanachoma na koo limekauka, nikachomoa kichwa nikikohoa, shati lina kinyesi begani. Mwenye kuku alicheka mpaka akashika mti. Mzee Lomayani hakucheka. "Wewe umetoka," akaniambia. "Wao watakaa humo mpaka asubuhi." Hayo ndiyo mafunzo yote ya hewa ya banda niliyopewa, na nayaamini kuliko muhula mzima wa chuoni.

Alinipa pia kisu kidogo chenye ncha nyembamba, cha kuchokonoa nyufa. Wafugaji wengi wanawajua utitiri kwa kuwashwa tu: vidudu vidogo sana vinavyojificha mchana kwenye nyufa za mbao na kwenye viota, giza likiingia vinatoka kunyonya damu ya kuku. Ukiingia bandani mchana huwaoni. Unachukua kisu, unakichomeka pale fito ya kulalia inapokutana na ukuta, unakivuta, unakipangusa kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikitoka na michirizi myekundu, ujue banda hilo lina wenyeji wengine. Kuhusu mbao alinifundisha vizuri pia. Tumia mgrivelia uliokauka, usiwe mbichi, na upigwe randa pande zote mbili. Fito za kulalia ziwe za kuchomoka. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye oili chafu. Chini ya bati acha uwazi wa kiganja kuzunguka banda lote, hewa ipite hata mwenye kuku akiwa mvivu wa kufungua dirisha. Nimejenga mabanda mengi kwa sheria hizo na mengine bado yamesimama.

Miaka ile kazi yetu kubwa ilikuwa kuwatoa kuku jikoni. Kwenye nyumba nyingi walilala humo humo, kando ya mafiga, juu yao moshi. Niliwahubiria akina mama kuliko mchungaji: watoto wanatambaa kwenye kinyesi, mtu na kuku wasilale chumba kimoja. Nilikuwa sahihi, na bado nasema hivyo. Tuliwatoa, tukawajengea mabanda ya mbao, wakubwa wakaja kupiga picha. Baada ya misimu michache kila banda lilikuwa na utitiri. Ndipo nikaanza kujiuliza kwa nini kule jikoni sikuwahi kuuona kwa wingi ule, na jibu lilikuwa limening'inia juu ya kichwa changu muda wote, jeusi la masizi. Moshi ulikuwa unafanya kazi ambayo mimi nililipwa kuifanya na sikuiweza. Nilipiga dawa, nikapaka chokaa, nikamwaga majivu, nikaziunguza nyufa kwa moto wa gesi. Mbao inanyonya unyevu, maji ya kinyesi na dawa yenyewe, kisha inaendelea kufuga wadudu wake bila wasiwasi.

Baadaye nikahamishiwa mjini, Sombetini, ambako mtu anafuga kuku kwenye nafasi ya kutandika mkeka. Mabanda kule yalijengwa kwa mbao za kreti, vipande vya marine board na milango ya makabati yaliyokufa. Kijana mmoja wa bodaboda, Baraka, alipata tenki la maji la plastiki lililopasuka chini, akalilaza ubavu, akakata mlango, akaingiza kuku wanane. Alinisimamisha barabarani.

"Shikamoo daktari. Njoo uone, hawa kuku wangu wamezingua."

"Marahaba. Wamefanyaje?"

"Wanahema tu. Mdomo wazi kutwa nzima. Na mimi nimewawekea ghorofa la kisasa!"

Ilikuwa Februari, saa saba mchana. Niligusa tenki nikaondoa mkono. Kuku walikuwa wamelala wamekunjua mabawa, ndimi nje. Tulipasha panga kwenye mkaa tukatoboa madirisha pande zote mbili, tukalifunika tenki kwa magunia yaliyoloweshwa maji, na wote wanane wakapona. Baraka alinipa lifti ya bure kwa mwezi mzima na kunisifia kijiweni kwake. Nawaeleza hili ili muone kwamba nilikuwa najua. Nilishika plastiki kwa mikono yangu, nikajua kwamba haipumui. Hakuna atakayeweza kunitetea kwamba sikufundishwa.

Miaka yangu ya mwisho ilikuwa huku mlimani, kwenye kahawa na migomba, ambako Juni na Julai ukungu unashuka mpaka mlangoni na watu wanaongea na wewe mikono ikiwa ndani ya makoti. Huku ndiko nilikomkuta Mama Ndeshi, mjane, mkulima, mtu wa kanisani na mwenye ulimi mkali anapotaka. Mara ya kwanza nilipompa somo la kuku alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wewe daktari, kwako una kuku wangapi?" Sikuwa na hata mmoja. Akasema ameshaelewa, tuendelee. Tangu siku hiyo hakukuwa na shughuli nyumbani kwake nisiyoalikwa, kipaimara, mavuno wala msiba.

Kuku wake walikuwa wa kishingo, wale ambao shingo haina manyoya, lakini wekundu wote, wekundu wa udongo wa huku, miguu ya njano. Nimezunguka wilaya nzima na sijaona kuku wengine wa namna ile. Mama yake alimpa mtetea mmoja siku alipoagwa kwenda kuolewa, naye huyo mama alipewa na mama yake. Katika ukoo wao ndivyo binti anavyoagwa: baada ya zawadi zote, mama anamwekea mwanawe mtetea mikononi, mbele ya watu, na wanawake wanaimba wimbo wa kumsindikiza huyo kuku. Mama Ndeshi hakujua kizazi kile kina miaka mingapi. Alijua tu kwamba bibi yake alikuwa nacho kabla kanisa halijajengwa kwa matofali. Alikuwa na binti mmoja tu, Ndeshi, mwalimu kule Singida, na akiwaangalia kuku wale alikuwa akisema, "Hawa ni wa Ndeshi. Mimi nawalisha tu."

Kulikuwa na utaratibu mwingine ambao mimi niliuona kama vurugu. Kuku wake hakuwaweka wote kwake. Majike wawili walikuwa kwa shemeji yake ng'ambo ya mfereji, watatu kwa jirani wa juu, mmoja na jogoo kwa rafiki yake wa kwaya. Wanaotunza wanachukua nusu ya vifaranga, nusu inarudi, na hakuna aliyeandika popote. Kila nilipokwenda kuchanja nililazimika kupanda na kushuka makorongo na boksi la baridi begani, nikinung'unika. Niliona huyu mama ana kuku wa maana lakini hana mpango.

Banda lake la mbao nilimchorea mimi. Lilikuwa zuri, naweza kusema hivyo bila kujisifu maana halipo tena. Mgrivelia mkavu, uwazi wa kiganja chini ya bati, fito za kuchomoka. Kona moja tulitenga ya vifaranga, na msimu wa baridi nilimwonyesha jinsi ya kuwasha jiko la mkaa nje mpaka likolee, kisha kuliingiza na kulikalisha juu ya matofali. Hewa mbaya ya mkaa ilipanda na kutokea chini ya bati. Miaka kadhaa alifanya hivyo, vifaranga wakakua, hakuna aliyekufa.

Kisha utitiri ukaja, kama ulivyokuja kwingine kote. Misimu mitatu tulipambana nao. Majike waliacha kuatamia, wakawa wanasimama nje ya banda jioni wakikataa kuingia. Mtetea mmoja tulimkuta amekufa juu ya mayai yake, upanga wa kichwani umekuwa mweupe, damu yote imenyonywa. Nilichomeka kisu kwenye ufa nikakitoa chekundu mpaka kwenye mpini. Tulipuliza dawa, wiki mbili kukawa shwari, kisha utitiri ukarudi. Nilijua unarudi na kuku wanaotembea kati ya nyumba nne. Siku moja Mama Ndeshi aliketi kwenye kigoda, akavua kilemba, akasema, "Daktari, mimi nimechoka. Niambie tu la kufanya, nitafanya."

Katika kazi yetu maneno hayo unayasikia mara chache sana. Miaka yote mtu anakuambia atafikiria, atamuuliza mume, atasubiri mavuno. Huyu, tena mwenye akili kuliko wote, alisema nimwambie tu. Nilipaswa kuogopa. Badala yake nilijisikia mkubwa.

Wakati huo plastiki ilikuwa imeingia mjini. Duka moja Kijenge lilikuwa na mabanda meupe ya vipande vinavyobanana vyenyewe bila msumari, sakafu unaosha kwa mpira wa maji, madirisha ya kusukuma. Muuzaji, kijana mwenye tai, alinieleza kila kitu kwa adabu, na kwa kweli hakunidanganya hata neno moja. Nilitoa kisu changu pale pale dukani nikatafuta ufa wa kukichomeka. Hakikuingia popote. Nilisimama katikati ya duka nikicheka peke yangu. Ndeshi alimnunulia mama yake, mimi nikaenda na gari la mizigo mpaka mlangoni.

Nilimwambia Mama Ndeshi afanye mambo matatu. Akubali banda la plastiki. Tulichome lile la mbao, utitiri usibaki na mahali pa kujificha. Na awakusanye kuku wote kutoka kwa majirani, tuwaogeshe dawa na kuwachanja siku moja, wakae pamoja, mzunguko ukatike. Mawili ya kwanza aliyakubali mara moja. La tatu lilimkwama.

"Hata wale wa kwa shemeji?"

"Hata wale, Mama Ndeshi. Wakibaki wawili tu nje, tumefanya kazi bure."

"Mama yangu hakuwahi kuwaweka wote mahali pamoja."

"Mama yako hakuwa na banda kama hili," nikamjibu.

Natamani nisingesema sentensi hiyo, lakini niliisema, tena kwa kicheko. Alinitazama kidogo, kisha akaita watu wakachukue matenga. Mpaka saa tisa kuku wote walikuwa uani, ishirini na saba pamoja na vifaranga, wote wekundu, na walikuwa wazuri kweli kuwaona pamoja. Banda la mbao nililimwagia mafuta ya taa mwenyewe nikaliwasha. Mbao zile zilikuwa nzima. Zilihitaji kubomolewa, kupigwa randa na kuanikwa juani, kazi ya fundi ya siku nne. Sikuwa na subira ya siku nne.

Mnaniuliza kama niliingiza kichwa. Niliingiza, ndiyo. Niliingiza mchana wa jua, banda likiwa tupu, madirisha yote yako wazi, likinuka upya wa dukani. Nilihesabu mpaka mia nikatoka nimefurahi. Mzee Lomayani alisema kuku wawe ndani na mlango ufungwe, nami kwa miaka yote ile nilikuwa nimefanya hivyo kwenye mabanda ya watu nisiowajali nusu ya nilivyomjali huyu.

Kwa miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Kuku waliatamia, nikaanza kuwapeleka wafugaji wengine wakaone. Kisha Julai ikaingia na baridi yake, upepo na manyunyu ya siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne simu yangu ililia nikiwa sijanywa chai. "Daktari, njoo," Mama Ndeshi akasema, akakata. Nilifika nikiwa na boksi la dawa, nikidhani ni ugonjwa wa kideri.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mlango wa banda uko wazi. Madirisha alikuwa ameyafunga yote na nje ametandaza magunia kuzuia upepo. Katikati, juu ya matofali, kulikuwa na jiko la mkaa, majivu yake meupe na laini. Vifaranga walikuwa wamelizunguka. Wakubwa walikuwa wameanguka kutoka kwenye fito, mmoja juu ya mwingine, bila jeraha, bila kinyesi cha ugonjwa. Nikamwinua mtetea mmoja. Upanga wake ulikuwa mwekundu safi, mwekundu kuliko nilivyowahi kuuona ukiwa hai, na hiyo ndiyo alama ya hewa ya mkaa. Kila baridi tunasikia redioni watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Plastiki yenyewe haikuyeyuka wala kupinda hata kidogo.

"Nimefanya vile vile ulivyonionyesha," Mama Ndeshi akasema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajikagua, kama kuna hatua aliyoiruka.

Hakuiruka hata moja. Mimi ndiye niliyemfundisha jiko, mimi ndiye niliyemwambia plastiki, na sikuwahi kukaa dakika mbili nikayaweka mambo hayo pamoja kichwani. Nilipaswa kumwambia hivyo pale pale. Nilichosema ni, "Pole sana, Mama Ndeshi," nikaanza kuhesabu mizoga kana kwamba idadi ingebadilika. Tuliwazika nyuma ya migomba. Ofisini nikajaza fomu, na kwenye sehemu ya chanzo cha vifo nikaandika kwamba mfugaji aliweka jiko la mkaa kwenye banda lisilo na hewa ya kutosha. Kila neno ni kweli. Fomu hiyo iko kwenye faili, Upendo, droo ya pili, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuandika. Nina aibu nayo mpaka leo.

Nilimrudia baada ya wiki mbili nikamwambia kosa ni langu. Akasema anajua. Akanikaribisha chai.

Nilitafuta. Nilikwenda kwa shemeji, kwa jirani wa juu, kwa yule wa kwaya: wote walikuwa wamerudisha kuku, hata wa mgao wao, kwa sababu daktari amesema. Yai hakuna, kifaranga hakuna. Jirani mmoja alikuwa amebakiza jogoo wa mgao wake, wakamla Pasaka. Nilizunguka minada na masoko mpaka Kikwe, nikiuliza kishingo mwekundu wa miguu ya njano, wauzaji wakidhani natafuta kuku wa mganga. Nilipata kishingo wa madoa, nikapata mweusi, nikapata mwekundu ambaye shingo yake ina manyoya. Nilimpelekea watatu kwenye tenga. Aliwaangalia mmoja mmoja, akawainua, akasema, "Ni wazuri, daktari, Mungu akubariki." Wiki iliyofuata niliwakuta wanazurura kwenye migomba na usiku wanalala jikoni. Sikusema kitu kuhusu jikoni. Lile banda la plastiki alikuwa anahifadhia mbolea.

Sasa, mnataka jibu. Mbao ichagueni penye baridi na penye fundi anayejua randa, na mkubali kwamba mtapigana na utitiri maisha yote na mtashindwa mara nyingi. Plastiki ichagueni penye joto la wastani na mfugaji atakayetoboa madirisha zaidi ya yale ya kiwandani, na moto usiingie humo hata siku moja, hata jiko dogo, hata kwa dakika kumi. Semeni hilo la moto kabla ya kusema lolote lingine. Na mkikuta mama ameweka kuku wake nyumba nne, chanjeni nyumba nne. Pandeni makorongo. Sidhani kama maneno haya yatasaidia. Juzi Upendo ameniambia amepewa maelekezo ya kuhimiza banda la aina moja kwa kata nzima, na picha ya kubandika ukutani. Nimeiona hiyo picha. Ni banda jeupe, zuri, madirisha yamefungwa.

Wiki moja baada ya kustaafu nilipata kadi: Ndeshi anaagwa Jumamosi. Nilitoa suti, nikaipeleka kwa dobi. Alhamisi Mama Ndeshi alikuja kwangu kwa miguu, kutoka kule juu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikataa kuketi.

"Daktari, kadi umepata?"

"Nimepata, Mama Ndeshi. Nitakuja, nitawezaje kukosa?"

"Nimekuja kukuomba usije."

Nikarudisha kiti ukutani.

"Sina hasira na wewe," akasema. "Ningekuwa na hasira ningekuja nayo Julai ile. Lakini watafika mahali pa kuku, na mimi sina kitu cha kumpa. Nimejiandaa, nitasimama, nitatabasamu. Nikikuona wewe pale sitaweza. Nitalia mbele ya wakwe, na mtoto ataondoka na machozi yangu. Nisaidie hilo tu."

"Siwezi kukutafutia wengine?" nikauliza, swali la kijinga.

"Unajua mwenyewe."

Nilimwambia sawa. Nilimsindikiza mpaka njia panda, tukazungumzia mvua.

Jumamosi ile nilishinda nyumbani. Upendo alikwenda, na jioni akapita kwangu bado amevaa gauni la shughuli. Sikumuuliza, akaanza mwenyewe. Akasema zawadi zilikuwa nyingi, blanketi, vyombo, kitanda. Ilipofika zamu ya mama, wanawake wazee waliinuka wakaanza ule wimbo wa kuku, kwa mazoea tu, na walipofika mahali ambapo mtetea huwekwa mikononi, mmoja wao akakumbuka. Wimbo ukakatika. Ndeshi alikuwa ameshanyoosha mikono, akaichukua mikono ya mama yake akaishika, hivyo hivyo mitupu, na Mama Ndeshi akatabasamu kama alivyoahidi. Kisha mshereheshaji akaweka muziki.

"Amenipa hiki nikuletee," Upendo akasema, akaniwekea mezani sahani iliyofungwa vizuri na karatasi ya foili, bado ya moto. "Amesema usilale na njaa."

Nilingoja mpaka ameondoka. Kulikuwa na pilau, ndizi, kachumbari na nyama ya ng'ombe. Nilikula chote, mpaka punje ya mwisho, kwa sababu zaidi ya kukimaliza sikuwa na kitu kingine chochote ambacho mama yule angeweza kukipokea kutoka kwangu.